Saa 45 kwa siku sita: kusoma kozi za chuo kikuu wakati wa likizo kubwa Lubumbashi

Huko Marekani wanayaita masomo ya kiangazi, na jina linaeleweka: Juni hadi Agosti ni joto, vyuo vinabaki wazi, na mwanafunzi anachukua kozi moja au mbili ili amalize mapema au afidie iliyomshinda. Harvard walianza ya kwao 1871. Chuo Kikuu cha Chicago, kilipofungua milango 1892, kiliufanya muhula wa kiangazi kuwa robo kamili ya mwaka wa masomo. Hapa Lubumbashi miezi hiyohiyo ndiyo ya baridi. Asubuhi ya Julai pale Kasapa, kampasi ya chuo kikuu, mwanafunzi anaingia darasani na jaketi na kofia ya sufu, viatu vimejaa vumbi jekundu, na usiku uliopita kipimo kinaweza kuwa kilishuka chini ya nyuzi 10. Ila kazi ni ileile: kozi iliyozoea kutembea muhula mzima inalazimishwa kukimbia.

Wanaosoma likizo kwetu si watu wa aina moja. Yupo mwenye deni, aliyepanda mwaka wa pili huku krediti kadhaa za mwaka wa kwanza zikimfuata nyuma. Yupo mwalimu wa shule ambaye Julai na Agosti ndiyo miezi pekee asiyoshika chaki. Lipo kundi zima ambalo profesa wao anatoka Kinshasa na hupata nafasi ya kupanda ndege muhula wake wa kule ukiisha. Na siku hizi yupo anayefuata kozi ya chuo cha nje kwa intaneti akiwa chumbani kwake Katuba au Kampemba. Yanayowakwamisha hao wote yanafanana kuliko wanavyodhani, na mengi hutokea kabla ya siku ya kwanza ya darasa.

Hesabu kwanza

Katika mfumo wa LMD (Licence, Master, Doctorat, yaani ngazi tatu za shahada), ambao vyuo vya Kongo viliuanza kwa lazima kupitia mwaka wa kwanza katika 2021-2022, krediti 1 huhesabiwa saa 25 za kazi ya mwanafunzi. Mgawanyo uliozoeleka ni saa 15 mbele ya mwalimu, mazoezi na maabara yakiwemo, na saa 10 za kujisomea. Kozi ya krediti 3 basi ni saa 45 darasani na saa 30 peke yako, jumla 75.

Ukiitandaza kwenye muhula wa wiki 15, ni saa 3 za darasa kwa wiki na saa 2 za nyumbani. Mtu anaibeba bila kuhisi uzito. Sasa ichukue kozi hiyohiyo uimwage kati ya Jumatatu na Jumamosi, kama anavyofanya profesa mgeni mwenye tiketi ya kurudi. Saa 45 gawa kwa 6: saa 7 na nusu darasani kila siku. Saa 30 gawa kwa 6: saa 5 za kujisomea. Hizo ni saa 12 na nusu, na bado hujapanda taksibasi, hujala, hujachota maji, hujasubiri umeme urudi. Anayelala Ruashi na kusoma Kasapa ana saa nyingine zinazoishia barabarani, asubuhi na jioni. Siku haitoshi, hata kwa mwenye bidii.

Mwanafunzi akianguka, watu husema kozi ilikuwa ngumu. Tukitazama vizuri tunakuta zile saa 30 hazikupata mahali pa kukaa. Darasani alikuwepo, aliandika, alitikisa kichwa. Nyumbani alifika saa 2 usiku, gizani, akalala.

Kwa hiyo zile saa 30 zihamishe mbele, profesa akiwa bado hajafika. Si zote, 20 zinatosha: saa 2 kwa siku kwa siku 10. Zinabaki 10 ndani ya wiki ya masomo, yaani saa 1 na dakika 40 kila jioni, kiasi ambacho hata mwenye watoto anaweza kukipigania.

Saa 20 hizo zina matumizi yake. Tafuta silabasi ya mwaka uliopita, kile kijitabu cha notisi za profesa, kwa waliotangulia darasa. Uliza kwanza kama profesa ni yuleyule, maana silabasi ya mtu mwingine inaweza kukupeleka njia isiyo yako. Saa 4 za mwanzo pitia vichwa vya sura zote na kila ufafanuzi, usihangaike na kuelewa yote. Humo toa istilahi 40 hadi 60 uziandike kwenye ukurasa mmoja: neno la Kifaransa kushoto, maelezo yako mwenyewe kwa Kiswahili kulia. Ukurasa huo una thamani kuliko muhtasari wowote wa kununua. Kozi zinafundishwa kwa Kifaransa, na profesa anapoongeza mwendo Jumatano mchana, wa kwanza kupotea ni yule anayesimama kutafuta maana ya neno wakati wenzake wako sentensi tatu mbele. Saa 10 zinazofuata zipe nusu ya kwanza ya kitabu, na mazoezi uyafanye kwa kalamu. Kuyasoma kwa macho hakutoshi. Saa 6 za mwisho ni za maswali ya mitihani ya zamani. Usiyajibu yote. Tazama profesa anauliza nini: fasili, hesabu, au maelezo ya ukurasa mzima.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha bei ya kukosa siku. Katika muhula wa kawaida, asiyekuja siku moja amepoteza saa 3 kati ya 45. Kwenye wiki ya mkupuo, siku moja ni saa 7 na nusu, sawa na wiki mbili na nusu za muhula. Malaria ya siku mbili inaondoa theluthi ya kozi. Harusi ya binamu, mazishi, kwenda kumpokea mgeni uwanja wa ndege wa Luano: kila kimoja kina bei hiyo. Ni vigumu kuwaeleza watu wa nyumbani, kwa sababu kwao likizo ni likizo. Waambie mapema, kwa tarehe, na umpate mtu mmoja wa kukuwakilisha.

Kalenda nayo ina mashimo yake. Tarehe 30 Juni ni siku ya uhuru. Tarehe 1 Agosti ni siku ya wazazi, na asubuhi yake watu huenda makaburini kusafisha na kuweka maua. Kozi ya siku sita ikipita juu ya mojawapo ya tarehe hizo inabaki na siku tano: saa 9 darasani kwa siku, au Jumapili inaliwa. Ratiba ikitoka, jambo la kwanza ni kuitazama kwa jicho hilo na kumuuliza CP, mwanafunzi kiongozi wa darasa, saa zilizopotea zitalipwa lini.

Kozi ipi inakubali kubanwa

Kabla ya kuchagua, hakikisha deni lipo. Tunasema hivyo kwa sababu wapo wanaolipia kozi ambayo tayari wamesamehewa na hesabu. Katika LMD kozi hukusanywa katika kitengo kimoja cha mafunzo, na pale kanuni inaporuhusu kufidiana, wastani wa kitengo ndio unaoamua, kila kozi ikipimwa kwa krediti zake. Tuseme kitengo kina kozi mbili: moja ya krediti 3 umepata 8 juu ya 20, nyingine ya krediti 2 umepata 13. Mara 3 kwa 8 ni 24, mara 2 kwa 13 ni 26, jumla 50, gawa kwa krediti 5: wastani ni 10. Kitengo kimepita. Anayeona ile 8 iliyopigwa mstari mwekundu na kukimbilia kujiandikisha upya ametupa pesa na wiki nzima. Omba karatasi ya pointi inayoonyesha vitengo, kaa na kalamu, halafu nenda kwa katibu wa jopo la mitihani kuthibitisha.

Deni likiwa la kweli, jua kwamba kozi hazibanwi sawasawa. Za kusoma na kueleza, kama sosholojia, historia ya fikra au utangulizi wa sheria, zinavumilia. Lugha zinapenda kubanwa: saa 6 kwa siku za kusikia na kusema Kiingereza zinafanya kazi ambayo saa 2 kwa wiki hazifanyi. Takwimu na hesabu zinaumia, maana ujuzi wake unajengwa kwa kukosea leo, kulala, na kurudia kesho. Sura ya nne inasimama juu ya mikono iliyozoea sura ya pili, na kwenye wiki ya mkupuo kati ya sura hizo mbili kuna usiku mmoja tu. Ikibidi takwimu, usiichanganye na kozi nyingine yoyote.

Maabara zina saa zake zisizojali ratiba ya mtu. Bakteria kwenye sahani huhitaji saa 24 hadi 48 ndani ya kiatamizi kabla ya kusomwa. Umeme ukikatika usiku, unaanza upya. Zoezi la namna hiyo lianze Jumatatu, likianza Alhamisi limeshachelewa. Na shamba la mafunzo la mahindi lisilo na maji ya kumwagilia halifanyiki Julai, kwa kuwa huku kwetu mahindi yanasubiri mvua za Novemba. Anayekupangia kozi ya kilimo cha mahindi wakati wa ukame atakupa nadharia, mimea utaiona kwenye picha.

Kwa wanajiolojia mambo ni kinyume. Kiangazi ndicho msimu wao: nyasi zimeungua, miamba imebaki uchi, njia za udongo zinapitika, na ukanda wa shaba uko mlangoni. Kozi yao ya uwandani ikisogezwa Januari, nusu ya siku inaisha kusukuma gari kwenye tope.

Kuhusu idadi, shauri letu ni kozi moja kwa wakati. Mbili zikifuatana, wiki kwa wiki, zinawezekana kama usomaji wa awali wa zote mbili umekwisha. Mbili kwa pamoja, moja asubuhi na nyingine mchana, zinawezekana tu zikipewa saa 4 kila moja kwa siku, yaani siku 12 za darasa. Na hapo jioni haikuachii kitu cha kujisomea. Tatu ni kujidanganya.

Makaratasi na noti

Kozi isiyo na karatasi ni kama haikusomwa. Mwenye deni anaandika barua kwa mkuu wa fakulte, nakala mbili: moja inabaki ofisini, nyingine inarudi kwako na muhuri wa kupokelewa, tarehe na sahihi. Nakala ya pili ndiyo ulinzi wako. Ndani ya barua taja jina la kozi kama lilivyo kwenye programu rasmi, krediti zake, mwaka ulioishindwa na nambari yako ya matrikule.

Majina ni mtego wa peke yake. Kwetu mtu ana jina, postinomu (jina la pili linalolifuata) na jina la ubatizo, na makosa mengi ya pointi zilizopotea huanzia hapo. Kwenye kadi umeandikwa Kabwe Ilunga Jeanne, kwenye bordero ya benki, ile stakabadhi ya malipo, mhudumu ameandika Jeanne Kabwe, kwenye orodha ya mtihani CP ameandika Ilunga Kabwe. Kwa kompyuta hao ni watu watatu. Chagua mpangilio wa kadi ya mwanafunzi, uuandike hivyohivyo kila mahali, na usome bordero kabla ya kuondoka dirishani. Usome pia sehemu ya sababu ya malipo. Ikiandikwa tu minervali, pesa inaweza kuhesabiwa kama sehemu ya ada ya mwaka, na kozi ya likizo ikabaki haijalipwa. Iandikwe kozi yenyewe na sesheni yake.

Ukilipa kwa dola, kagua noti mchana kweupe. Noti iliyochanika pembeni hata kidogo, iliyoandikwa kwa kalamu, au ya miaka ya zamani, itakataliwa, na Ijumaa saa 9 mchana hakuna muda wa kuzunguka mjini kwa wabadilisha pesa. Beba na franka za kutosha kwa zile gharama ndogo ambazo hakuna anayezitaja mapema: fotokopi, fomu, transpo. Transpo ya siku sita izidishe kwa mbili uiweke kando tangu Jumapili. Tumeona kozi zikiachwa Alhamisi kwa kukosa nauli ya kurudi, wakati ada yote ilikuwa imelipwa.

Tangazo la ratiba hubandikwa kwenye ubao, ule tunaouita valvu, na siku hizi hutumwa pia kwenye kundi la simu. Zikitofautiana, uliza ofisini. Profesa mgeni anaweza kuchelewa ndege siku mbili, na tangazo la kwenye simu linaendelea kusambaa na tarehe ya zamani. Kwa hiyo usinunue tiketi ya basi ya kurudi Likasi au Kolwezi kwa siku ileile ya mtihani. Acha siku tatu za akiba.

Siku yenyewe

Tuichukue Jumanne. Darasa linaanza saa 2 asubuhi. Saa moja na nusu jua bado ni hafifu, madirisha ya ukumbi yana baridi, na viti vya mbele vimeshashikwa na wanaojua kwamba sauti ya profesa asiye na kipaza sauti haivuki safu ya sita. Mwanafunzi aliyejipanga ana vitu vichache mezani: daftari, ule ukurasa wa istilahi, kalamu mbili za rangi tofauti, chupa ya maji, na kitu cha kutafuna kilichotoka nyumbani, kwa sababu likizo wauza mandazi na karanga wa chuoni wengi hawapo. Pembeni mwa daftari, juu kulia, ameandika 7.5/45. Jioni ataifuta aandike 15/45. Namba hiyo ndogo inamwambia kila jioni yuko wapi, na inamsaidia pia kujua kama sura tano zilizobaki zitaingia kwenye saa zilizobaki au profesa atazikata.

Kuanzia saa 2 hadi saa 4 akili iko safi, andika kikamilifu. Baada ya mapumziko hadi saa 6 na nusu, bado inakwenda. Hatari iko saa 8 mchana, baada ya bukari (ugali), jua likiwa limepasha bati na jaketi limevuliwa. Hapo wengi wanaandika bila kusikia. Saa hizo geuza mtindo: acha kunakili kila neno, andika swali moja kwa kila hoja anayoitoa profesa. Maswali hayo ndiyo utakayojijibu jioni. Na bukari ya mchana iwe nusu ya kawaida. Ya kushiba ipo usiku.

Kundi la watu wanne linatosha, wa tano anakuja kupiga soga. Gawaneni: kila siku mmoja anaandika kila kitu, wa pili anakusanya mifano na hesabu, wengine wawili wanasikiliza na kuuliza. Jioni mnapigana picha za daftari. Kabla ya kuachana pale kituoni, dakika 15 mkiwa wima, kila mtu anaeleza sehemu moja kwa maneno yake, kwa Kiswahili kama ndicho kinachokuja haraka. Asiyeweza kueleza ameshajua jioni yake aitumie wapi.

Marudio yana mpangilio wake. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima kumbukumbu yeye mwenyewe na kuchapisha matokeo 1885, alionyesha kwamba tulichojifunza kinavuja kwa kasi zaidi katika saa na siku za mwanzo, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana kunashikilia kuliko kurudia kwa mkupuo. Wiki ya siku sita haina nafasi kubwa ya kuachanisha, lakini ipo kidogo. Kila asubuhi dakika 20 za jana, ndani ya taksibasi zinatosha kama umepata kiti. Alhamisi dakika 40 za Jumatatu. Jumamosi jioni, Jumatatu na Jumanne tena. Anayerudia kila usiku ya siku hiyo tu anafika Jumamosi akijua vizuri Ijumaa, na Jumatatu imekwisha kumtoka.

Umeme usiupangie. Chaji simu na taa popote unapoukuta, hata kama betri iko asilimia 70. Benki ya umeme ya mAh 20,000 haikupi 20,000 kamili, sehemu hupotea njiani. Tegemea kujaza simu ya mAh 5,000 mara mbili na nusu hadi tatu. Kwa kusoma, taa ndogo ya LED ya kuchaji inatosha, na ni nafuu kuliko kompyuta inayokuwakia usoni. Na jikinge na baridi ya usiku wakati wa kusoma. Blanketi mabegani na chai vina kazi zaidi ya kahawa ya tatu, ambayo itakuibia usingizi unaouhitaji saa 2 asubuhi.

Kwa wanaosoma kwa intaneti

Hapa tatizo la kwanza ni saa ya ukutani. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa mwaka mzima, kwa hiyo kipindi kilichotangazwa Kinshasa kuanza saa 2 asubuhi kwetu ni saa 3. Paris wakati wa kiangazi chao tuko sawa. New York wakati huo wako nyuma yetu kwa saa 6: darasa lao la saa 12 jioni linaanza kwetu saa 6 usiku. Kazi inayotakiwa kabla ya Jumapili yao kuisha, kwetu ni kabla ya saa 12 asubuhi ya Jumatatu. Hilo lina faida, una usiku mmoja wa ziada, ila usiutegemee umeme na mtandao wa alfajiri kwa kutuma kazi ya dakika ya mwisho.

La pili ni megabaiti. Video ya kikundi inaweza kula MB 500 hadi kupita GB 1 kwa saa, kutegemea ubora wa picha. Kwa saa 45 hiyo ni GB 22 na zaidi ya 45. Zima kamera yako na video za wengine, baki na sauti: inashuka hadi makumi ya MB kwa saa, na kozi nzima ikaingia kwenye GB 3 hivi. Washa picha pale tu mwalimu anapoandika ubaoni. Slaidi omba zitumwe kabla. Na kazi ya mkono usiitume kwa picha 12 za simu zenye MB 3 kila moja. Zipige kwa programu ya kuskani, nyeusi na nyeupe, ziwe PDF moja, mara nyingi itakuwa chini ya MB 5. Kuwa na laini za mitandao miwili tofauti. Siku moja mmojawapo utalala.

La tatu ndilo linaloumiza baadaye: krediti za huko si krediti za huku. Kozi ya krediti 3 ya Marekani kwa kawaida ni saa 1 ya darasa na saa 2 za nyumbani kwa kila krediti, kila wiki, kwa wiki takriban 15. Mara 3 inakuwa saa 135. Gawa kwa 25 ya LMD unapata 5.4. Ukiwasilisha karatasi inayosema tu 3, ofisi inaweza kuandika 3 na ukapoteza karibu nusu ya kazi yako. Kwa hiyo kabla ya kulipa, peleka kwenye fakulte yako maelezo kamili ya kozi, yanayotaja saa, sura, vitabu na namna ya kupimwa, na uombe jibu la maandishi kwamba itakubaliwa badala ya kozi gani. Jibu la mdomo la mtu mwema aliyeko ofisini Juni halikusaidii Oktoba akiwa amehamishwa. Saa 135 zikibanwa katika wiki 6 ni zaidi ya saa 22 kwa wiki. Mwenye ajira ya siku nzima aipime vizuri. Soma pia tarehe ya mwisho ya kujiondoa na kurudishiwa ada. Kwenye kozi fupi huwa inakuja haraka sana, na anayesubiri wiki mbili aone itakuwaje hulipa yote.

Mtihani na pointi

Uliza siku ya kwanza mambo matatu: mtihani ni lini, nani atausimamia, na nani atakayebaki na makaratasi. Profesa mgeni mara nyingine hutoa mtihani siku ya saba kabla ya kupanda ndege. Mara nyingine humwachia asistanti maswali, mtihani ukafanyika baada ya wiki tatu. Hali hizo mbili zinataka maandalizi tofauti. Kama ni siku ya saba, Jumamosi jioni usiguse kitu kipya. Kama ni baada ya wiki tatu, panga marudio ya saa 1 kila siku ya tatu, la sivyo utakuwa unaanza kozi upya peke yako.

Intero (majaribio mafupi) na TP (kazi za mazoezi za kukabidhi) za wiki ya mkupuo zina uzito kuliko zinavyoonekana, kwa kuwa zinatolewa ghafla na wengi huzipuuza. TP ya kurasa tano iandaliwe sehemu yake ya utangulizi na fasili kabla ya wiki kuanza. Ukishajua silabasi, mada unaweza kuikisia. Unapoikabidhi, weka sahihi kwenye orodha ya makabidhiano. Kama hakuna orodha, tengenezeni ya kwenu, CP aisaini, kila mtu aipige picha.

Makaratasi yakisafiri kwenda Kinshasa kusahihishwa, pointi hurudi kwa barua pepe au kwa mkono wa mtu, na jopo linaweza kukaa kabla hazijafika. Hapo kwenye safu yako kunakuwa na nafasi tupu, na nafasi tupu ni rahisi kusomwa kama sifuri. Fuatilia kwa asistanti wiki mbili baada ya mtihani, kwa heshima na bila kelele, ukiwa na jina la kozi, tarehe ya mtihani na namba uliyokaa kwenye orodha ya waliohudhuria. Matokeo yakibandikwa, piga picha ya ukurasa wako siku hiyohiyo, hesabu mwenyewe wastani wa kitengo kwa krediti kama tulivyofanya juu, na ukiona kasoro andika malalamiko ndani ya muda uliotajwa chini ya tangazo, ambao huwa ni siku chache tu. Nakala mbili tena, muhuri tena. Viambatanisho ni bordero, ile barua ya kwanza yenye muhuri, na picha ya orodha ya mahudhurio. Vyote viwe kwenye bahasha ya plastiki, kwa sababu malalamiko ya kozi ya Julai mara nyingine hujibiwa Novemba, na kufika hapo mvua imeshaanza.